UZI: Morris Minor 1000 inatetemeka ikiwa sailensa (imesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta), barabarani iko safi. Kabureta au kuna kingine?

Mgosi_wa_Pwani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na magari ya zamani, hasa hawa wazee wa Kiingereza.

Nina Morris Minor 1000 ya 1967, milango minne, injini ya 1098 cc, kabureta moja ya SU. Ilikuwa ya baba mkwe kule Tanga, akaniachia, nikaipandisha Arusha. Asubuhi inawaka vizuri na choki. Ikishapata moto nikarudisha choki, balaa linaanza. Sailensa haishiki: inashuka, inataka kuzima, inajikamata, inashuka tena. Ukisimama nyuma ya ekzosi unasikia puf, puf, kimya, puf. Kioo cha ndani kinatikisika mpaka huoni nani yuko nyuma yako.

Cha ajabu, ukikanyaga mafuta inanyooka. Nimekwenda nayo Usa River na kurudi, gia ya nne inavuta bila kukohoa.

Fundi niliyempelekea anasema kabureta imekufa, tutafute ya pikapu ya Kijapani tuifungie kwa adapta. Plagi ni mpya, waya za plagi mpya, filta ya hewa mpya. Kabla sijatoa hela nikasema niulize kwanza humu.

Dogo_Gerezani

Mkuu uza hiyo kitu chukua IST ulale usingizi.

Platinamu_Tupu

Dogo, kuna jukwaa la IST, ni lile lingine.

Mgosi, usinunue kabureta. Nakuomba kabisa. Hizi SU zina vitu vichache mno vya kufa ndani yake. Hazina msururu wa jeti kama za Kijapani, kuna jeti moja, sindano moja na pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa injini. Kuifunga ya pikapu pale ni kujiongezea matatizo mapya juu ya lile usilolijua.

Dalili yako yenyewe imeshakuambia kitu. Gari likiwa sailensa, kipepeo cha kabureta (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kimefungwa karibu chote, injini inavuta kwa nguvu lakini hewa inayoingia ni kidogo sana. Hapo tundu dogo tu la kuibia hewa linaharibu mchanganyiko wote. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi inakuwa si kitu, gari linanyooka. Valvu isiyofunga vizuri nayo ni hivyo hivyo: mzunguko ukiwa wa polepole mgandamizo una muda wa kuvujia, ukiwa wa kasi hauna muda huo. Kwa hiyo mimi nawashuku wawili, hewa ya wizi na valvu. Umeme nauweka wa tatu, kwa sababu umeme mbovu mara nyingi hujitokeza gari likiwa na mzigo, mlimani, na wewe mlimani unapanda.

Fanya hivi ulete majibu. Injini ikiwa ya moto, iko sailensa, vua waya wa plagi mmoja mmoja usikilize. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki, na ncha ya waya uigusishe kwenye chuma cha injini, usiiache ikining'inia hewani. Silinda inayofanya kazi ukiivua injini inazama. Isiyofanya kazi ukiivua hakuna kinachobadilika.

Ngong_Road254

Wadau, naongeza tu. Hiyo gari ni positive earth, yaani waya chanya wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Hakikisha fundi hakuigeuza alipokuwa anabadilisha vitu. Nimeona nyingi huku Nairobi zimegeuzwa halafu koili (inayokuza umeme wa plagi) ikaachwa vile ilikuwa. Stimu ya plagi inakuwa hafifu na unaanza kulaumu kabureta.

Mgosi_wa_Pwani

Nashukuru wakuu. Betri iko sawa, chanya kwenye bodi, koili imefungwa inavyotakiwa.

Nimevua waya. Namba 1 ukivua inazama karibu kuzima. Namba 2 inazama. Namba 4 inazama. Namba 3 hakuna tofauti, kama haipo. Nikabadilishana plagi na waya kati ya 2 na 3, bado aliyekufa ni 3.

Kuna jirani ana geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa injini), tumeichomeka. Inasoma kama inchi 14 za zebaki, halafu mshale unadondoka mpaka 11 na kurudi, kwa mpigo, kama unahesabu.

Turbo_Kichwani

Inchi 14? Injini imechoka hiyo. Kitabu kinasema 18 mpaka 21. Ringi zimekwisha, anza kutafuta pistoni.

Ngong_Road254

@Turbo_Kichwani kitabu kiliandikiwa watu wa usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza inchi moja hivi. Arusha iko kama mita 1,400, toa karibu inchi nne na nusu. Hiyo 18 mpaka 21 inakuwa 13 na nusu mpaka 16 na nusu. 14 yake ni ya kawaida kabisa. Nairobi hapa tuko juu zaidi na hakuna mtu anasoma 20 labda geji iwe imekufa.

Kitu cha kuangalia ni mshale kudondoka kwa mpigo. Ingekuwa hewa inaingia kwa manifoldi (bomba linalopeleka hewa kwa silinda), mshale ungekaa chini na utulie. Kudondoka kwa mpigo ni silinda moja inakosa zamu yake kila inapofika.

Mzee_wa_Filageji

Wanangu, shikamooni mliotangulia kuamka. Nimeusoma uzi wote. Mgosi, umefanya jambo la maana sana pale ulipobadilishana plagi na waya. Vijana wengi wangebadilisha waya zote tena. Umeme kwenye hiyo namba 3 umeshautoa kwenye kesi, isipokuwa kifuniko cha distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi). Kifungue, kikaushe kwa kitambaa, tazama kama ndani kuna ufa mwembamba mweusi unaoelekea kwenye kichwa cha namba 3. Tazama na rota pia, ile inayozunguka humo ndani. Rota za siku hizi, nyingi zina ribiti katikati na umeme unapenya hapo kushuka kwenye shafti. Pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) weka elfu 15 za inchi, yaani inchi 0.015, basi.

Sasa kazi yenyewe. Vua plagi zote nne, fungua kipepeo chote, pima kompresheni (mgandamizo wa kila silinda). Usipime kipepeo kikiwa kimefungwa kama nilivyoona mafundi wakifanya, utapata namba za uongo. Andika zote nne. Ile iliyo ndogo, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu. Kama 2 na 3 zote mbili ziko chini kwa pamoja, hapo ni gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Halafu fungua kifuniko cha juu, pima tapeti (nafasi kati ya mkia wa valvu na rokaramu, mkono unaoibonyeza) injini ikiwa baridi. Ni elfu 12 za inchi kwa zote, ambazo ni milimita 0.30. Valvu zipo nane, hesabu kutoka upande wa feni. Za ekzosi ni namba 1, 4, 5 na 8. Za kuingiza ni 2, 3, 6 na 7. Na kuna hesabu ya tisa: unayotaka kuipima, itoe kwenye tisa, jibu lake ndilo valvu inayotakiwa iwe imebonyea mpaka mwisho. Ukitaka kupima ya 5, zungusha injini mpaka ya 4 ibonyee yote. Ukitaka ya 1, ibonyeze ya 8. Moris ina tundu la hendeli kule mbele, ukishavua plagi mtoto anaweza kuizungusha.

Ninaitazama ya 5 kwa jicho baya tangu sasa. Ndiyo ekzosi ya silinda namba 3.

Mgosi_wa_Pwani

Mzee marahaba, na shikamoo yako mwenyewe naipokea kwa mikono miwili.

Kifuniko kisafi, hakina ufa. Rota nimeweka ile ya zamani ya baba mkwe, isiyo na ribiti, hakuna tofauti.

Kompresheni, kwa psi:
1: 130
2: 125
3: 85
4: 130

Nikatia oili kwenye 3 ikapanda mpaka 90. Si kitu.

Tapeti: za kuingiza zote zinapita 12 vizuri, moja imelegea kidogo. Ekzosi ya 1 na 8 ziko kama 10. Ya 4 inapita 7 kwa shida. Ya 5 haipitishi hata filageji (kibamba cha kupimia nafasi) nyembamba kuliko zote niliyonayo. Hakuna nafasi kabisa.

Platinamu_Tupu

Mwizi kapatikana. Hiyo valvu haikai kwenye kiti chake injini ikipata moto. Chuma kinarefuka, nafasi hakuna, rokaramu inaishikilia valvu wazi. Ndiyo maana ikiwa baridi na choki inatulia, ikipata moto inaanza kutikisika.

Turbo_Kichwani

Ok nimekubali si ringi. Lakini nafasi inapoteaje? Mimi najua tapeti zikikaa muda zinalegea na kupiga kelele, hazikazi.

Mzee_wa_Filageji

Swali zuri kijana. Kulegea ni kwa kulika kwa rokaramu na ncha za fimbo. Kukaza ni jambo jingine: kiti cha valvu kinalika, valvu inazama ndani ya hedi, na mkia wake unapanda juu kuifuata rokaramu. Nafasi inaliwa kimyakimya. Tapeti inayopiga kelele ni rafiki, inakuambia. Iliyokaza hainyanyui mdomo mpaka valvu imeungua.

Hedi za hizi injini ni za chuma cha kutupwa, na viti vya valvu vimechongwa humo humo kwenye hedi, hakuna kiti cha chuma kigumu kilichopachikwa. Zilitengenezwa zama za petroli yenye risasi. Ile risasi ilikuwa inaacha utando kwenye kiti, chuma kisigongane na chuma kikavu. Petroli hiyo iliondolewa nchi zetu zote za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na ni jambo jema, risasi ile ilikuwa sumu kwa watoto. Ila hedi kama hii, ikikimbizwa sana kwenye lami na petroli ya sasa, viti vya ekzosi huanza kuzama.

Na kwa nini 4 na 5 ndizo zilizoumia kuliko 1 na 8? Tazama manifoldi yako. Silinda ya kwanza ina tundu lake la ekzosi, ya nne ina lake, lakini ya pili na ya tatu zinatolea moshi kwenye tundu moja la katikati. Moto wa silinda mbili unapita mlango mmoja. Hapo ndipo hedi hizi zinapochoka siku zote.

Panga zote kwenye 12. Usiipe ya 5 zaidi ukidhani unaipunguzia kazi.

Ngong_Road254

Kitu kingine mzee amenikumbusha. Hata upande wa kuingiza hewa zinashirikiana, 1 na 2 wana tundu moja, 3 na 4 wana lao. Kwa hiyo kama ingekuwa gasketi ya manifoldi inavuta hewa upande mmoja, ungetarajia wawili waumie kwa pamoja, 3 na 4. Yeye 4 iko poa. Hiyo peke yake ilikuwa inaonyesha shida iko ndani ya silinda, si kwa manifoldi.

Mgosi_wa_Pwani

Nimepanga tapeti zote kwa hesabu ya tisa. Kompresheni ya 3 imepanda mpaka 112. Ukivua waya wa 3 sasa injini inazama. Mshale wa vakyumu haudondoki tena kwa mpigo.

Kwa ukweli gari limebadilika sana. Lakini bado halijatulia moja kwa moja. Sailensa inapanda na kushuka polepole, na ukilipiga resi likarudi, mara linabaki juu, mara linashuka mpaka linataka kuzima. Sasa naweza kumgusa huyo SU?

Platinamu_Tupu

Sasa ndiyo unaruhusiwa.

Kabla ya kufungua kitu chochote, chukua chupa ya kupulizia maji ya kunyunyizia maua. Maji matupu. Najua mafundi wanapuliza petroli au dawa ya kusafishia breki, na mimi nimewaona wakiunguza waya, ekzosi iko pale pale chini ya kabureta. Injini iko sailensa, nyunyiza kidogo kidogo: gasketi kati ya kabureta na manifoldi, kiungio cha manifoldi na hedi, bomba dogo linalokwenda kwenye distribyuta, halafu ncha mbili za shafti ya kipepeo, kushoto na kulia. Mahali ambapo mlio utabadilika ndipo hewa inapoingia.

Kisha ishike shafti ya kipepeo kwa vidole, itikise juu na chini. Isicheze.

Mgosi_wa_Pwani

Shafti inacheza mkuu. Upande wa springi ya kurudishia unaiona kwa macho. Nikinyunyiza maji pale, sailensa inashuka na kutulia kidogo, kisha inarudi kule kule. Kwingine kote hakuna mabadiliko. Bomba la distribyuta nimelinyonya kwa mdomo nikaziba kwa ulimi, linashika.

Platinamu_Tupu

Safi. Hiyo ni kawaida ya SU ya umri huo, na haihitaji kabureta mpya. Toa kabureta, vua skrubu mbili za kipepeo, zimepasuliwa mikia ili zisifunguke, kwa hiyo zibane mikia kwanza kwa koleo na uandae mpya. Peleka bodi kwa fundi wa kukereza mwenye mkono mtulivu, apanue matundu mawili apachike bushi za shaba, ununue shafti mpya. Matundu lazima yawe kwenye mstari mmoja. Akikosea hapo, kipepeo kitakwama.

Wakati iko nje, vua kengele ya juu na pistoni yake. Osha kwa petroli, kausha, usitie oili pembeni mwa pistoni. Oili inaingia juu kwenye kijiti cha damper (kinachotuliza pistoni) tu, nyepesi, SAE 20. Inua pistoni kwa kidole uiachie: isikike ikigonga chuma, tok. Isipogonga, kuna uchafu au jeti haijakaa katikati.

Mgosi_wa_Pwani

Kazi ya bushi imefanyika, fundi wa kukereza ni mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hakutaka hata kuniuzia maneno, alitazama mara moja akasema rudi jioni. Pistoni inagonga tok.

Sasa kupanga mchanganyiko. Nipeni darasa.

Ngong_Road254

Chini ya kabureta kuna nati yenye pande sita, ndiyo inapandisha na kushusha jeti. Ukiipandisha, petroli inapungua. Ukiishusha, inaongezeka. Kwa kuanzia: pandisha mpaka jeti iwe sawasawa na daraja lake ndani, halafu shusha mizunguko miwili kamili. Washa, ipate moto vizuri, sio vuguvugu.

Halafu inua pistoni kidogo sana kwa kile kipini kilicho pembeni, kama milimita moja hivi, isizidi. Injini ikipanda mwendo na kubaki juu, petroli ni nyingi, pandisha nati upande mmoja. Ikizama au kuzima, petroli ni kidogo, shusha nati upande mmoja. Ikipanda kidogo kisha ikarudi pale ilipokuwa, acha. Kila ukigusa nati, piga resi fupi kabla ya kupima tena.

Na kwa sababu umeipandisha kutoka Tanga, utajikuta nati iko juu kuliko ilivyokuwa kwa mzee. Hewa ya huku ni nyepesi, kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ya baharini. Siku ukiishusha pwani kwa wiki, shusha tena nati upande mmoja au pande mbili.

Dogo_Gerezani

Nimejikuta nasoma mpaka mwisho. Nati moja tu na hakuna kompyuta?

Platinamu_Tupu

Nati moja, skrubu moja ya sailensa, na masikio.

Mgosi_wa_Pwani

Wakuu, imetulia. Nati imepanda pande tatu kutoka pale pa mizunguko miwili. Plagi nimezitazama baada ya mwendo, zina rangi ya kahawia, isipokuwa ya 3 ambayo ni nyeupe kidogo kuliko wenzake. Hiyo bado inanipa wasiwasi. Na ile 112 ya kompresheni haijafika kwa wenzake.

Mzee_wa_Filageji

Wasiwasi wako ni wa haki. Valvu iliyokaa wazi muda mrefu huwa imeshaungua ukingo, kuipa nafasi hakuurudishi. Endesha kwa upole kilomita mia tano hivi, usiikimbize, kisha pima ya 4 na ya 5 tena, baridi. Zikibaki 12, unaweza kuendelea hivyo hivyo huku ukipima kila mara. Zikiwa zimepungua, kiti bado kinazama, na hakuna dawa ya chupa itakayokirudisha juu.

Mgosi_wa_Pwani

Mrejesho. Sailensa bado iko safi, mke wangu mwenyewe kasema siku hizi haoni aibu kwenye foleni. Lakini nimepima: ya 1 na 8 zipo 12, ya 4 ni 11, ya 5 imeshuka mpaka 8. Nafungua hedi. Mzee, niambie nisichotakiwa kukosea.

Mzee_wa_Filageji

Fungua injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji kwanza. Nati za hedi zilegeze kidogo kidogo, kwa kupishana kutoka nje kuja kati, usivue moja yote ndiyo uende nyingine, utaipinda hedi. Fimbo za tapeti zichomeke kwenye boksi la karatasi lenye matundu na namba, kila moja irudi mahali pake.

Hedi ikishakuwa mezani, isafishe na uitazame kwa jua katikati ya valvu ya 4 na ya 5. Hapo ndipo hupasuka. Kama kuna ufa, usitie hela ya viti kwenye hedi hiyo, tafuta nyingine. Kama hakuna, mwambie fundi apachike viti vigumu vya ekzosi vyote vinne. Akikwambia tufanye cha 5 tu kwa kuokoa hela, mkatalie, maana cha 4 kimeshaanza safari hiyo hiyo. Valvu za ekzosi nunua mpya, gaidi zake (mirija inayoongoza mikia ya valvu) ziangaliwe kama zimelegea, na uso wa hedi asiparuze zaidi ya inavyohitaji kunyooka, kompresheni ikipanda mno utaanza kusikia injini inagonga kwenye mlima.

Ukishafunga, kaza nati za hedi tena baada ya kuiendesha kidogo na kuiacha ipoe, ndipo upange tapeti upya. Tapeti huwa zinabadilika ukishakaza nati, kwa hiyo usizipange kwanza.